Mbele ya kufuga funza, tuulize kwanza: maji ya etangi inatoka wapi?

Siku hizi ku Bunia, kama unataka watu wakusikilize, usianze na siasa. Anza na chakula ya kuku. Utasikia kilio kuanzia Mudzipela mpaka Saio. Soya iko bei, mahindi iko bei, unga wa samaki ndiyo usiseme. Barabara ikifungwa juu ya vita, gari inalala njiani, na gunia linapanda bei mbele hata halijafika sokoni. Kila mfugaji anajua hesabu hii: zaidi ya nusu ya makuta anayoweka katika kuku ao katika samaki inaishia kwenye chakula yao.

Njo maana neno la funza limefika na kwetu. Mtu anaambiwa: uchafu uko nao bure, nzi anakuja bure, funza watakua, kuku watakula, wewe utauza. Na sasa wazo lingine limeongezeka juu yake: hata tope ya viziwa vya samaki, ile etangi zetu, isitupwe. Mavi ya samaki na chakula iliyobaki chini ya maji iwe chakula ya funza, kisha funza wawe chakula ya kuku na ya samaki. Hakuna kutupa kitu.

Wazo ni zuri. Mimi siko kinyume chake. Lakini niko na ulizo moja, na ninaliandika hapa ili lisizikwe chini ya makofi ya formasyo.

Msomaji atasema: wewe mtu wa sendika ya wachimbaji, unaingia wapi katika mambo ya funza? Ninaingia kwa njia ya maji. Mnivumilie kidogo, nitafika.

Askari asiyesimamisha mtu barieri

Kwanza tumpe huyu nzi haki yake. Kwa Kifaransa wanamuita nzi askari mweusi, na wenye vitabu wanaandika Hermetia illucens. Asili yake ni Amerika, lakini leo yuko karibu kila nchi ya joto. Askari tuko nao wengi katika Ituri, zaidi tangu hali ya dharura ya Mei 2021. Huyu ni wa namna nyingine: hasimamishi mtu barieri, haumi, na haingii jikoni kutua juu ya sahani kama nzi wa choo. Akisha kupata mabawa, hana haja tena ya chakula. Anaishi juma moja ao mbili, anataga mayai mia kadhaa, anakufa.

Anayekula ni mtoto wake, yule funza, ambaye vitabu vinamuita buu. Yeye anakula usiku na mchana kwa karibu juma mbili: maganda ya ndizi, embe zilizooza, majani ya shu, makapi ya pombe, matumbo ya samaki. Chungu kikubwa cha uchafu kinarudi kidogo. Ukimkausha huyo funza, karibu 40 kwa 100 ya uzito wake ni protini, na mafuta yake ni mengi. Kuku anampenda, kambale anampenda.

Majirani wetu walianza zamani. Nairobi kuna kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, ambacho kimefanya kazi miaka mingi juu ya nzi huyu. Katika mji ule ule, kampuni ya Sanergy ilianza na uchafu wa vyoo vya mitaa maskini, ikafika mpaka kukuza funza wa kulisha mifugo. Uganda nako watu wanalisha funza uchafu wa masoko. Kwa hiyo tusiseme ni mambo ya kizungu ao ya wazimu. Sisi wenyewe tunakula kumbikumbi na viwavi tangu babu zetu. Mdudu si aibu kwetu.

Ulizo la mama mmoja

Nilikaa siku moja katika formasyo hapa mjini, nyuma kabisa karibu na mlango. Mfundishaji alikuwa kijana mwenye kusema vizuri. Alileta boksi ya mbao, akaifungua, tukaona funza wakichemka ndani ya tope nyeusi iliyochanganywa na pumba. Tope ya etangi, akasema. Watu walipiga makofi.

Mama mmoja, muuza samaki, akainua mkono.

“Papa, ile tope mulitosha wapi?”

“Ku etangi, mama.”

“Na ile etangi, maji yake inatokaka wapi?”

“Inatoka mtoni.”

“Mtoni wapi? Kule juu ya bale banachimba, ao kule chini yao?”

Watu walicheka. Mfundishaji naye alicheka, akajibu kwamba mama asiogope, funza wanasafisha kila kitu. Kisha ikawa saa ya chai.

Mimi sikucheka. Nimezika wenzangu, nimeona mikono ya wachimbaji inayotetemeka mbele ya umri wa kutetemeka. Mwenye kuumwa na nyoka, akiona kamba anaruka. Ulizo la yule mama njo ulizo lenyewe, na hakuna aliyelijibu.

Kile funza anaweza, na kile hawezi

“Funza wanasafisha kila kitu.” Maneno haya ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni hatari kuliko uongo kwa sababu watu wanaiamini upesi.

Ile nusu ya kweli ni hii. Funza wanapunguza harufu, wanapunguza wingi wa uchafu, na baadhi ya mikrobe, kama zile za salmonela, wanazipunguza sana. Lakini kupunguza si kumaliza. Funza aliyetoka ndani ya mavi anabeba mavi tumboni na juu ya ngozi. Ukimtupia kuku akiwa mzima, umempelekea kuku ugonjwa mkononi. Njo maana wenye kujua kazi wanamuosha, wanamchemsha, wanamkausha, kisha njo wanamlisha.

Mayai ya minyoo ya tumbo, ile askarisi inayosumbua watoto wetu wote, yanapita katika kazi ya funza bila kufa. Yanabaki ndani ya ile mbolea inayosalia kwenye boksi. Ukiipeleka ile mbolea moja kwa moja kwenye lengalenga, na lengalenga inauzwa sokoni asubuhi, unajua mwisho wake.

Halafu kuna dawa. Kwetu kuna wafugaji wanaojenga banda la nguruwe ao la kuku juu ya etangi, mavi ianguke majini na kuamsha majani ya kulisha samaki. Ni ujuzi mzuri wa kutumia kidogo tulicho nacho. Lakini yule kuku alipewa tetra wiki jana, bila daktari, kipimo cha kukisia. Sehemu ya dawa inatoka na mavi, inashuka kwenye tope, na mikrobe zilizo kule zinajifunza kuishi nayo. Siku mtoto anaugua kweli, dawa ile ile haifanyi tena kazi.

Mambo hayo yote yana dawa yake: moto, sabuni, subira, na kufuata sheria ya dawa. Lakini kuna jambo la nne, na hilo moto hauliwezi. Ni metali nzito: risasi, kadmiamu, na zebaki, ambayo sisi tunaitaka merkire. Metali haiozi na haifi. Funza hawezi kuigeuza kuwa kitu kingine. Anaweza tu kuiacha katika mbolea ao kuibeba mwilini mwake. Watafiti wamepima mara nyingi: kadmiamu inajikusanya ndani ya funza huyu mpaka inapita kipimo cha chakula alichokula. Kwa merkire, kiasi anachobeba kinabadilika kufuatana na chakula alichopewa na namna ya merkire yenyewe. Maana yake hakuna anayeweza kukuambia kwa macho tu kama boksi lako ni salama. Lazima kupima. Norway, nchi ya kufuga samoni kwa wingi, ambako pia watafiti wanajaribu kuwalisha funza tope ya samaki, metali nzito iko katika orodha ya mambo wanayopima. Na kule hakuna mtu anayechoma dhahabu juu ya mto.

Njia ya merkire

Sasa nimefika kwenye maji.

Dhahabu ilionekana Kilo mwaka 1903. Zaidi ya miaka 100 tunachimba: Kilo, Bambu, Mongbwalu, Nizi, Iga Barrière, na siku hizi kandokando ya mito mpaka Mambasa. Kazi yetu sisi wadogo inajulikana. Mchanga uliooshwa unaingia katika beseni. Unamwaga merkire, unakoroga kwa mikono, merkire inakamata dhahabu. Unakamua kwa kitambaa. Kile kidonge unaweka juu ya moto, moshi unapanda, dhahabu inabaki. Wangapi kati yetu wamechoma kidonge kile jikoni, katika sufuria ya nyumba, watoto wakiwa wameketi pale pale wakingoja ugali?

Moshi ule haupotei. Unashuka na mvua. Na yale maji ya beseni tunamwaga mtoni. Umoja wa Mataifa umehesabu kwamba karibu 38 kwa 100 ya merkire yote ambayo kazi za watu zinatuma hewani duniani inatoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu kama sisi. Sisemi hivi ili kuwatia aibu ndugu zangu. Ninasema kwa sababu sendika isiyosema ukweli kwa watu wake haina maana.

Mtoni merkire inatembea na tope. Na hapa wafugaji wa samaki wanisikilize vizuri. Mto ulio chini ya machimbo unakuja mwekundu. Maji yale yanaingia katika etangi, yanatulia, na upande wa kutokea yanatoka meupe. Ile nyekundu imebaki wapi? Imebaki chini. Etangi inafanya kazi ya chujio bila wewe kutaka. Kila mwaka inaweka akiba ya vitu vyote ambavyo mto ulibeba kutoka juu.

Tena ni chini pale, ndani ya tope pasipo hewa, merkire inapogeuka kuwa mbaya zaidi. Kuna bakteria zinazoibadilisha na kuifanya methilimerkire, na hiyo njo inaingia katika viumbe na kukaa. Mdudu mdogo anaibeba, samaki mdogo anakula wadudu wengi, samaki mkubwa anakula samaki wadogo wengi, na kila hatua kipimo kinapanda. Anayekaa mwisho wa mstari ni mtu.

Dunia ilijifunza hilo kwa machozi ku Minamata, Japani. Kiwanda cha kampuni Chisso kilimwaga merkire katika ghuba ya bahari miaka na miaka. Paka wa wavuvi walianza kuruka na kuanguka kama wenye wazimu. Kisha watu. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi, lakini kiwanda hakikuacha mpaka 1968. Kulikuwa na mama waliozaa watoto walioharibika ubongo, na mama wenyewe hawakuonyesha ugonjwa mkubwa. Mkataba wa dunia juu ya merkire, uliotiwa sahihi mwaka 2013 na kuanza kazi tarehe 16 Agosti 2017, unabeba jina la mji ule ili watu wasisahau. Wale watu wa Minamata hawakunywa merkire. Walikula samaki.

Sasa pangeni mambo pamoja. Tunachukua ile tope ya chini, tunalisha funza. Funza tunalisha kuku. Kuku anataga. Lile yai tunampa mtoto wa miaka 2, kwa sababu muganga alimpima mkono akasema anakosa protini. Tunampa pia mama mwenye mimba ku kambi ya Kigonze, ambaye alikimbia vita na hana kitu kingine. Yule mtoto na yule mama njo watu ambao merkire inaumiza kushinda wote. Tumetoka mbali sana kuleta dawa ya njaa, na labda tumebeba sumu ndani ya kikapu kile kile.

Ninasema labda. Etangi inayopata maji ya chemchemi, juu ya kilima, mbali na machimbo, haina shida hii. Tope yake ni mali. Njo maana ulizo la mama lilikuwa la akili: hakuuliza kama tope ni mbaya. Aliuliza inatoka wapi.

Wengine waliweka mpaka

Kuna wanaodhani kwamba kuuliza namna hii ni kurudisha maendeleo nyuma. Waangalie wale wanaopenda wadudu kushinda sisi.

Ulaya walikubali unga wa wadudu katika chakula ya samaki wa kufugwa kuanzia Julai 2017, na katika chakula ya kuku na nguruwe mwaka 2021. Lakini waliandika pia kile ambacho funza mwenyewe haruhusiwi kula: mavi ni hapana, mabaki ya jikoni na restora ni hapana. Kwao funza ni mfugo kama mbuzi. Anayefuga mfugo wa kuliwa anachagua anachomlisha. Tope yenye mavi ya samaki haipiti kule mpaka leo, hata kama watafiti wanaendelea kuijaribu.

Ukali huu una sababu. Wazungu walichomeka. Walisaga mifupa na nyama za ng'ombe, wakazirudisha kwa ng'ombe kama chakula, kwa sababu ilikuwa rahisi na hakuna kutupa kitu. Mwaka 1986 Uingereza ikaona ugonjwa wa ng'ombe wazimu. Baadaye watu nao wakafa kwa kula nyama ile. Maneno “hakuna kutupa kitu” ni mazuri, lakini kuna vitu ambavyo Mungu alitaka tutupe.

Kenya na Uganda, ambao si Wazungu, wameandika vipimo vyao vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula ya mifugo. Mfugaji wa kule anajua anachotakiwa kufikia. Kwetu formasyo zinatangulia, na kipimo kitafuata siku gani?

“Njaa haingoji laboratware”

Hilo njo jibu ninalopewa kila mara. Tuko katika vita, watu wamekimbia mashamba, wewe unaleta mambo ya laboratware. Ninalielewa. Nami ninanunua chakula sokoni kama wengine. Lakini jibu hilo linasahau mambo mawili.

La kwanza: njaa ni ya leo, na merkire ni ya miaka 20. Mtoto aliyeharibika ubongo hatapona siku amani itakaporudi. Tutakuwa tumelipa mara mbili.

La pili: hakuna anayesema tukae bila funza. Uchafu usio na shaka uko tele. Nenda Soko Kuu jioni uone maganda, matunda na majani yanayobaki kuoza mpaka mvua iyasukume mtoni. Nenda kwa mama wanaopika pombe uone makapi. Pale njo pa kuanzia. Tope ya etangi ni chakula dhaifu kwa funza, samaki na maji vimekwisha kuchukua sehemu nzuri. Ndiyo maana wanalazimika kuichanganya na pumba. Kwa nini tuanze na kile kilicho dhaifu na chenye shaka, tukiacha kile kilicho bora na kisicho na shaka?

Kuna mtu mwingine mwenye akili ataniambia: kama merkire iko katika tope, basi iko katika samaki wa etangi ile ile, na samaki tunakula tayari, funza ataongeza nini? Ulizo hilo ni kali, na ninalikubali. Ndiyo, kama tope ni mbaya, samaki naye anatiliwa shaka. Hiyo si sababu ya kufunga macho mara ya pili, ni sababu ya kupima mara ya kwanza. Na funza anaongeza kitu: anafungua njia mpya. Mpaka leo, tope ilikuwa inalala chini ama inatupwa kando. Ukiipitisha kwa funza, inatoka kule na kufika kwa kuku wa mtu anayekaa mbali, asiyejua hata kama kuna machimbo. Mchimbaji anajua hatari anayobeba. Yule mnunuzi wa mayai hajui.

Nani anashika beleshi?

Mtu wa sendika hawezi kumaliza bila kuuliza ulizo hili. Katika mradi wowote, uangalie nani yuko kwenye picha na nani yuko kwenye tope. Anayeingia etangi kutosha tope, maji mpaka magotini, ni kijana anayelipwa kwa siku. Anayechambua funza kwa mikono ni mama. Mara nyingi ni mkimbizi wa vita, hana wa kumsemea.

Tope iliyooza inatoa hewa mbaya katika chumba kilichofungwa. Vumbi ya funza waliokaushwa inaingia kifuani, na kuna watu ambao mwili wao unaikataa: wanakohoa, wanavimba macho, wanawashwa. Sisi wa mashimo tunajua vumbi inafanya nini kwa mapafu baada ya miaka 10. Glovu, buti, kitambaa cha pua, banda lenye kupitisha hewa, maji na sabuni: hivyo si zawadi ya mwenye mradi, ni haki ya mfanyakazi. Mradi ulio na makuta ya kununua kofia na tisheti zenye jina lake, hauwezi kukosa ya glovu.

Tufanye nini

Sipendi mtu anayelia bila kuonyesha njia. Basi mimi ninaomba mambo haya.

Kwanza, kila formasyo ya funza ianze na ulizo la maji. Etangi ya chemchemi iwekwe upande mmoja, etangi inayokunywa mto ulio chini ya machimbo iwekwe upande mwingine. Kazi hiyo haiombi laboratware, inaomba miguu na ulimi: wazee wa kila kijiji wanajua nani anachimba juu yao.

Pili, tope ya upande ule wa machimbo isiingie katika boksi la funza wala katika shamba la mboga mpaka ipimwe. Tope ya chemchemi nayo itumiwe kwa sheria: funza waoshwe, wachemshwe, wakaushwe, mbolea yake iende kwenye kahawa na miti, si kwenye mboga zinazoliwa mbichi, na funza waliokula mavi ao matumbo ya tilapia wasirudishwe kwa tilapia wale wale. Hesabu ya ng'ombe wazimu tuliisoma.

Tatu, wapimaji watoke na kupima. Haiombwi kila etangi kila wiki. Ichukuliwe tope kidogo, funza kidogo na samaki wachache kwa kila mto, kisha vipelekwe mahali penye vyombo. Kama Kinshasa ni mbali, na kwetu Kinshasa ni ndege tu, Kampala iko karibu zaidi. Nani alipe? Sheria ya mines ya mwaka 2018 inagawa redevansi ya makampuni: 50 kwa 100 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa utawala wa mahali pa machimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Makoperative yetu nayo yanalipa kodi, na karatasi tunazo. Dhahabu imechafua maji. Dhahabu ilipe kujua imechafua kiasi gani. Na matokeo yasomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, yasifungwe katika kabati ya mkubwa.

Nne, kila muuza funza awe na daftari: tope ao uchafu ulitoka wapi, siku gani, uliuzwa kwa nani. Siku tatizo linatokea, tutajua pa kurudi.

Tano ni letu sisi wachimbaji. Hatuwezi kumuuliza mfuga samaki maji yake inatoka wapi, na sisi njo tunayaharibu. Kuna chombo cha chuma chenye kufungwa, retorti, kinachokamata moshi wa merkire na kuurudisha kuwa maji ya merkire ya kutumia tena. Mchimbaji anapunguza gharama, na mapafu yake yanapumzika. Tuache kuchoma ndani ya nyumba. Tuache kumwaga beseni mtoni. Sendika yoyote inayopigania bei ya gramu, na hairuhusu neno juu ya merkire, inapigania jeneza zuri.

Wengine wataogopa kwamba kusema hivi kutafukuza wateja na wafadhili. Mimi ninakumbuka Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Mwanzoni watu walikataa, kwa sababu walipewa amri bila maelezo. Walipoelezwa kwa lugha yao, na watu wanaowajua, walinawa mikono kila mlango, mpaka kuzika wafu wao kwa namna nyingine wakakubali. Watu wa Ituri si wajinga. Wanakataa tu kudanganywa.

Nilimkuta yule mama tena sokoni, mbele ya meza yake ya samaki. Nikamuuliza kama alianza kufuga funza. Akanijibu, bila kuacha kupanga samaki: “Nitaanza na maganda ya ndizi, ile nayajua. Ile tope, bambie kwanza maji inatokaka wapi.”